Mlango wa Kura ni Kitambulisho

Wengi wetu hudhani kwamba haki ya kupiga kura huanza siku ya uchaguzi. Sivyo. Huanza siku kijana atimizapo miaka 18 akenda kuomba kitambulisho. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila raia mtu mzima haki ya kuandikwa na kupiga kura. Lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 haimwandiki mtu ila kwa kitambulisho au pasipoti. Basi aliyenyimwa kitambulisho amenyimwa na kura, ijapokuwa hapana sheria iliyomtaja.

Kutaka kitambulisho si dhuluma, kwani humzuia mtu kupiga kura kwa jina la mwenziwe. Dhuluma ni kumridhia mmoja kwa hati za wazazi wake, na mwengine, kwa sababu ya kabila lake, kumtaka na hati za babu yake, kisha kumsimamisha mbele ya kamati ahojiwe. Hayo yamewafika Wasomali tangu msako wa 1989, na Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kuwa askari.

Hapa pwani nasi tunayo mifano. Wamakonde wa Kwale, ambao asili yao ni Msumbiji, waliishi miaka mingi bila ya uraia. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, hawakutambuliwa mpaka ulipofika mwaka 2023.

Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa mahojiano ya ziada kwa watu wa mipakani. Ni jambo jema. Lakini ukweli wa tangazo hujulikana mezani kwa karani.

Ama sisi wenyewe hatukosi lawama. Mtoto huzaliwa asichukuliwe cheti, na hati za wazee huliwa na mchwa sandukuni. Basi tushike haya: cheti kichukuliwe mapema, hati zihifadhiwe, kijana aombe mara atimizapo 18, asingoje mwaka wa uchaguzi, na akikataliwa, adai sababu kwa maandishi, kwani Kifungu cha 47 cha Katiba kimempa haki hiyo.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Asiyeandikwa leo, kesho hana wa kumlaumu aliyechaguliwa na wenziwe.