Tembe za Moyo za Binadamu si Dawa ya Kuku

Somo kwa wafugaji wa Nyacheki na maeneo jirani

Kuku wa nyama anapohema, tumbo likajaa maji na upanga wa kichwani ukageuka samawati, mfugaji hushawishika kumpa tembe ya presha au ya moyo iliyo nyumbani. Ndugu mfugaji, usifanye hivyo.

Ugonjwa wenyewe

Maji tumboni kwa kuku wa nyama mara nyingi hutokana na moyo. Kuku huyu hufikia kilo mbili kwa takriban wiki sita, na mapafu yake hulemewa na mahitaji ya mwili huo. Moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi kuelekea mapafuni, upande wake wa kulia hupanuka na kuchoka, kisha maji huvujia tumboni. Huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi: mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi, moshi wa jiko na harufu kali ya maranda yaliyolowa huongeza mzigo huo.

Hatari za tembe

Kwanza, tembe imepimwa kwa mtu mzima. Ukiisaga kwenye maji, kuku mmoja hunywa nyingi akafa, mwingine hapati kitu.

Pili, dawa iliyosajiliwa kwa kuku huonyesha siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai. Tembe ya binadamu haina maelezo hayo, hivyo mlaji anaweza kula dawa bila kujua.

Tatu, mgonjwa anapunguziwa dawa yake. Kukatiza dawa ya presha kunaweza kuleta kiharusi.

Mazoea haya yapo hata kwa jirani zetu. Mwaka 2023, Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda ilikiri kuwa dawa za ARV zilikuwa zikipewa kuku na nguruwe.

Fanya hivi

1. Wiki ya kwanza, weka joto la nyuzi 32 hadi 33, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wakirundikana, wana baridi.
2. Acha nafasi juu ya ukuta ili moshi na hewa chafu vitoke, bila upepo kuwapiga vifaranga.
3. Ondoa maranda yaliyolowa kila siku.
4. Kuanzia wiki ya pili, wape saa chache za giza usiku ili wasile mfululizo. Usiongeze chumvi kwenye chakula.
5. Mtenge kuku aliyevimba tumbo, kisha mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, kwani magonjwa mengine huwa na dalili kama hizi.
6. Kuku aliyekufa usimle wala usimuuze. Mfukie shimo refu au mchome.

Moyo uliokwisha kupanuka hauponi kwa tembe. Kinga ni hewa safi, joto la kutosha na chakula cha kiasi.