Faili Lililopotea na Hukumu ya Mafqud



Katika fiqhi tumesoma mlango wa mafqud: mtu ametoka, habari zake zimekatika, haijulikani yu hai au amefariki. Asili yake ni uhai, na yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo mali yake hairithiwi mpaka upatikane ushahidi au kadhi ahukumu. Maulamaa wamekhitilafiana kuhusu mkewe: kwa Imam Malik, akifuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), husubiri miaka 4, kisha hukaa eda ya kufiwa, kwa kauli mpya ya Imam Shafii husubiri mpaka apate yakini.

Wenzetu wanaotengeneza programu za wavuti wanauhitaji sana mlango huu. Chukua tovuti inayopokea maombi ya kulipiwa ada kutoka mfuko wa zaka. Dada amepakia barua yake ya udahili. Hifadhidata inaonyesha jina la faili, tarehe na saa, lakini kamati ikilifungua, faili halipo. Programu humwandikia, "Hujawasilisha barua," au hufuta ombi zima. Hapo mtu amerithiwa angali hai, na amesingiziwa juu yake.

Mara nyingi kosa si lake. Baadhi ya seva hufuta diski kila programu inapowashwa upya. Pengine mafaili yamehamishwa kutoka Windows kwenda Linux, ambako "Barua.PDF" na "barua.pdf" ni vitu viwili.

Lakini rekodi nayo ni shahidi, na shahidi hasemi asichokiona. PHP, kwa mpangilio wake wa awali, hukataa faili linalozidi megabaiti 2; programu isiyokagua kosa hilo huandika kwamba limepokewa. Basi faili lihifadhiwe kwanza, lihakikiwe kuwa lipo na ukubwa wake ni sawa, ndipo rekodi iandikwe.

Likikosekana baada ya hapo, hilo ni mafqud. Ombi libaki, hali yake iandikwe "faili linatafutwa", na mwombaji aambiwe ukweli: barua yako tuliipokea tarehe fulani, sasa hatuioni, ukiwa na nakala tutumie. Hata kanuni za HTTP zimetofautisha: 404 haisemi kama kukosekana ni kwa muda au kwa daima, 410 ni ya kilichoondoka moja kwa moja. Hiyo ya pili isitolewe na programu yenyewe. Aiamue mtunzaji, baada ya kupekua nakala za akiba.

Atafute kwa muda gani? Hapa mimi naelemea kwa Imam Malik: muda uwekwe, tena mfupi, kwani usajili wa chuo haumsubiri mtu. Ukipita, kamati imwite dada iione barua ya asili mkononi mwake.

Na faili likipatikana, lisirudishwe kwa jina tu. Katika mlango wa luqata, Mtume (S.A.W.) aliamuru kijulikane chombo cha kitu kilichookotwa na kamba yake, ndipo kitangazwe mwaka mzima. Kamba ya faili ni hashi yake ya SHA-256, iliyoandikwa siku lilipopakiwa. Herufi moja ikitofautiana, hilo ni faili jingine.