Azma na Niya katika Kupunguza Uzito

Katika darasa letu ndugu mmoja alituletea suali ambalo twaona laweza kuwafaa wengi, nasi twalijibu hapa kwa ruhusa yake bila ya kumtaja jina. Ndugu huyu ana umri wa miaka 43, naye ni mwenye duka. Uzito wake ni kilo 141. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akisujudu kwa tabu, na tangu mwezi wa Rajabu husali juu ya kiti. Tabibu amemwambia kwamba sukari katika damu yake imeanza kupanda. Suali lake lilikuwa hili: "Linalonipasa nalijua. Nimekwisha elezwa kila kitu. Lakini ile ari ya kuanza siipati. Nifanyeje niipate?"

Kwanza twapenda kusema kwamba suali hili si la mtu mvivu. Mvivu haulizi. Na wale wanaodhani kwamba mtu mnene ataamka akichekwa na kupewa majina barazani, twawaambia wazi kwamba wamekosea. Mtu akitahayarishwa hujificha. Na akijificha hatoki kutembea, wala hendi kwa tabibu, na chakula chake hukila peke yake usiku. Unene una sababu nyingi, na nyingine ni za urithi. Tena mwenye kupunguza uzito hupingwa na mwili wake mwenyewe, kwani humzidishia njaa ili uzito ule urudi. Mambo haya yamekwisha thibiti kwa wenye elimu ya utabibu, basi yatupasa tuzuie ndimi zetu.

Ama jawabu la suali, twaona kosa limo ndani ya neno hilo "kuipata". Ndugu yetu aingoja ari kama nahodha angojavyo kusi. Lakini kusi ina msimu wake na haikosi kuja. Ari haina msimu. Tulimwuliza imemjia mara ngapi, akatujibu kwa ukweli. Ilimjia alipotoka kwa tabibu, ikakaa siku tatu. Ilimjia alipomzika rafiki yake, ikakaa kadiri ya wiki moja. Baada ya hapo alisema ataanza Idi ikipita; Idi ikapita, pakawa na arusi ya mtoto wa dada yake, na haikuwa vyema mjomba mtu kukataa walima; kisha ikawa shule zifunguliwe kwanza.

Wanafunzi wetu waliosoma fiqhi ya Imamu Shafi wanakumbuka tofauti iliyoko baina ya niya na azma. Niya ni kukikusudia kitu pamoja na kukitenda. Kusudio ambalo kitendo chake kingali mbali haliitwi niya, bali huitwa azma. Mwenye kutawadha hunuia anapoosha uso, na mwenye kusali hunuia pamoja na takbiri. Basi tulimwambia ndugu yetu, naye hakukasirika, kwamba katika miaka yote hiyo hakupata kuwa na niya hata siku moja. Alikuwa na azma. Azma ni kitu chema, walakini haimtoi mtu udhu.

Iko ibada moja ambayo niya yake hutangulia, nayo ni saumu ya faradhi, kwa kuwa ni vigumu mtu kuivizia alfajiri inapochomoza. Hiyo hunuiwa usiku. Na katika madhehebu yetu kila usiku una niya yake; haimtoshi mtu kunuia mwezi mzima katika usiku wa kwanza. Hapa pana mafunzo makubwa kwa mwenye kilo 60 za kupunguza. Akizitazama zote pamoja moyo humvunjika, na ni haki umvunjike, kwani hakuna mtu awezaye kupunguza kilo 60 kesho. Lakini kesho ina chai ya asubuhi, na chai hiyo aiweza.

Tena tulimwuliza: "Ramadhani wafunga?" Akasema hajaacha tangu utoto wake. Basi mtu aachaye kula na kunywa tangu alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima, katika joto la Mombasa, naye yuko dukani amezungukwa na vyakula, vipi atasema hana nguvu ya kujizuia? Nguvu anayo. Tofauti ni kwamba katika Ramadhani saa nne ya asubuhi hajiulizi kama leo ana ari ya kufunga. Shauri lilikwisha pitishwa usiku, wakati wake wajulikana, na majirani wote wako katika jambo hilo hilo. (Kwamba jua likitua twalipa deni lote kwa kaimati, sambusa na sharubati, na wengi wetu twaingia Shawwal tukiwa wazito zaidi, hilo ni somo lake peke yake, na sisi waandishi tumo.)

Jambo hili wenye elimu ya nafsi nao wamelichungua. Peter Gollwitzer, mwanachuoni wa Ujerumani, alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mwenye kulifunga kusudio lake kwa wakati na mahali, akasema "litakapotokea jambo fulani, nitatenda kadha", hulitimiza zaidi kuliko yule aliyekusudia tu. Na katika chuo cha University College London walichunguzwa watu 96, kila mmoja akichagua tendo dogo la kulirudia kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: tendo lilikuwa mazoea kwa kadiri ya siku 66, lakini wengine ilikuwa siku 18 tu, na wengine ilikadiriwa siku 254. Pia ilionekana kwamba kukosa siku moja hakukubomoa mazoea. Neno hili la mwisho twaomba lisomwe mara mbili, kwa kuwa aghlabu ya watu huanguka Jumanne kwa mahamri mawili, kisha huiacha wiki nzima iende na maji.

Ndugu yetu akataka ajue aanze na lipi. Tukafanya hesabu ya chai. Hunywa vikombe vitano kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 15, na kijiko kimoja huchukua kadiri ya gramu 4. Basi ni gramu 60 kabla hajatia tonge kinywani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, nayo kwa mtu mzima wa wastani ni kama gramu 50, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hakupata kudhani chai ni chakula.

La sinia ni gumu kuliko la chai. Mwenye kula katika sahani yake hujua alichokula. Watu wanne wakizunguka sinia ya biriani, nani ajuaye kiasi chake? Na mwenyeji husimama nyuma akisema, "Ongeza bwana, hujala kitu." Ushauri wetu ni kwamba mtu ajiwekee mpaka mbele yake tangu mwanzo, aanze kwa kachumbari, na akiumaliza mpaka wake abaki pale na mazungumzo bila ya kuinuka, ili asiwakate wenzake. Nanyi wenyeji, twawaomba mmsisitize mgeni mara moja tu.

Pia ajitayarishe kwa maneno ya watu. Kwetu pwani mtu akinenepa husemwa amenawiri, mkewe amtunza. Akipungua huulizwa kama anaumwa, na wengine hawaulizi, hunong'ona. Tumeona mtu aliyekwisha punguza kilo 12 akarudi kula ili watu wanyamaze. Mke wa ndugu yetu ameelezwa mapema, naye ndiye apikaye; pasipo yeye maneno yetu yote haya yangekuwa wino tu.

Ama lengo, asilitazame la mbali. Marekani walichunguzwa watu 3,234 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa wa sukari. Wale walioelekezwa wapunguze sehemu 7 katika mia za uzito wao, na watembee dakika 150 kwa wiki, waliopatwa na ugonjwa miongoni mwao walipungua kwa sehemu 58 katika mia wakilinganishwa na wasiopewa maelekezo hayo wala dawa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002. Kwa mwenye kilo 141 sehemu hiyo ni kama kilo 10. Ajapokuwa bado mnene, hizo kilo 10 zimekwisha mfaa.

Twatahadharisha jambo moja. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya sukari asipunguze chakula kwa ghafula bila ya kumwona tabibu wake, kwani sukari yaweza kushuka ikamwangusha. Na tabibu akimwandikia mtu dawa ya kupunguza uzito, zile sindano za siku hizi nazo zikiwemo, asionekane amefanya hila. Dawa ni dawa.

Usiku ule ndugu yetu alinuia mambo mawili ya kesho yake: kijiko kimoja badala ya vitatu katika chai ya kwanza, na baada ya Sala ya Alfajiri kutembea mpaka Ngomeni na kurudi kabla ya kufungua duka. Tunapoandika haya ni wiki ya 11. Siku tisa hakutembea, tatu kwa mvua na sita bila ya udhuru, naye mwenyewe ndiye aliyezihesabu. Amepungua kilo 6. Kiti bado anakitumia, ila katika Sala ya Alfajiri ya juzi alijaribu kusujudu chini katika rakaa ya kwanza, akaweza, na ya pili akairudia kitini. Sasa wako watatu watembeao naye. Mwenye kutaka kuungana nao awakute penye mlango wa msikiti baada ya sala. Huenda polepole, na humngoja wa nyuma.