Mgeni Ziwani: Mbuta Anatufundisha Nini?



Vikundi vingi siku hizi vinachimba mabwawa ya samaki, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini kabla hatujamweka samaki yeyote majini, tujiulize: huyu atakula nini, na nani atamla yeye? Tutajifunza kutokana na yaliyotokea katika Ziwa Victoria.

NANI ANAMLA NANI?

Mwani, ule ujani unaoelea majini, hukua kwa mwanga wa jua na mbolea iliyo ndani ya maji. Vijidudu hula mwani. Samaki wadogo hula vijidudu, na samaki wakubwa hula wadogo. Halafu tunakuja sisi na sufuria zetu. Viumbe wakifa huoza na kurudi kuwa mbolea. Mambo haya yamefungamana kama wavu. Uzi mmoja ukikatika, mafundo mengine hulegea.

Zamani kazi kubwa ziwani ilifanywa na fulu, wale samaki wadogo wenye miiba. Walikuwa aina zaidi ya 500. Wengine walikula mwani, wengine takataka za chini, wengine konokono, wadudu au samaki wenzao. Uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba fulu walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wanaokaa chini ya ziwa.

MGENI ANAINGIA

Ngege alikuwa ameanza kupungua kwa sababu ya nyavu nyingi. Wakubwa wa wakati ule waliona fulu ni samaki wasio na faida sokoni. Wakafikiri: tukileta samaki mkubwa awale fulu, tutapata nyama nyingi ya kuuza. Mbuta akaingizwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, na wengine wakaongezwa miaka ya 1960, Kenya ikiwamo. Nyamami naye aliletwa miaka ya 1950, akamsonga ngege kwa chakula na mahali pa kuzalia.

Kwa muda wa miaka 20 na zaidi watu hawakuona neno kubwa. Kumbe mgeni alikuwa akizaana polepole. Ilipofika miaka ya 1980, mbuta walijaa kila mahali, na fulu wakatoweka karibu kabisa. Aina nyingi zilipotea zisionekane tena.

Fulu walipokwisha, mbuta aligeukia uduvi, omena, na hata watoto wake mwenyewe. Omena na uduvi waliongezeka, kwa kuwa fulu waliokuwa wakigombea nao chakula hawapo tena. Mwani nao ulizidi. Hapo mbuta si wa kulaumiwa peke yake: udongo na mbolea kutoka mashambani, na uchafu wa miji, vililisha mwani huo. Mwani mwingi ukifa na kuoza, hewa ya kuvuta huisha kwenye maji ya chini, na samaki hawawezi kuishi huko.

FAIDA NA HASARA

Tusiseme uongo: mbuta alileta pesa. Viwanda vilijengwa, wengi wakapata kazi, na samaki wetu wakauzwa Ulaya. Lakini mnofu ulikwenda ng'ambo, na mama wengi wa soko wakabaki kununua mgongo wazi. Tena mbuta ana mafuta mengi. Hakauki kwa jua kama fulu. Lazima abanikwe au akaangwe, na kuni zikazidi kukatwa.

Tangu miaka ya 1990, mbuta alipovuliwa sana, aina fulani za fulu zimeanza kuonekana tena. Hiyo ni habari njema, ila ziwa halikurudi kuwa lile la zamani. Mbuta mwenyewe hakuna awezaye kumtoa sasa.

SISI TUFANYE NINI?

1. Tusimwage samaki wa bwawa mtoni au ziwani, hata akiwa mmoja.
2. Bwawa lichimbwe mbali na mahali mafuriko yanapofika, na bomba la kutolea maji lifungwe kwa wavu wenye matundu madogo.
3. Tumwulize afisa wa uvuvi kabla ya kuleta aina mpya. Jirani kusema "huyu anakua haraka" haitoshi.
4. Tupande nyasi na miti kandokando ya mito ili udongo usiingie majini.

ZOEZI LA KIKUNDI

Simameni katika duara. Kila mtu achukue jina: mwani, vijidudu, konokono, fulu, omena, kamongo, mbuta, mvuvi, mama muuza samaki. Pitisheni uzi kati ya kila anayekula na kinacholiwa, na kati ya mvuvi na mama wa soko. Sasa fulu aachilie uzi wake. Nani amesikia uzi ukilegea?

MASWALI YA KUJADILIANA

- Wazee wetu walivua samaki gani ambao watoto hawawajui leo? Walipotea lini?
- Mbuta alipokuja, nani alipata faida, nani alipoteza, na nani aliulizwa?
- Je, kuna mmea, mnyama au mbegu ngeni tunayotaka kuleta kijijini? Tutajuaje itafanya nini baada ya miaka 20?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa majini tumchunguze kwanza, kwa maana akishaingia haagi.