Kabla ya kuacha kazi ya kompyuta, jua kinachokuchosha

Je, wewe ni kijana uliyeajiriwa kutayarisha programu za kompyuta miaka miwili au mitatu iliyopita, na sasa unaamka asubuhi ukiwa umechoka kama aliyekesha? Je, kazi uliyoipenda chuoni sasa inakuchefua? Huenda umeanza kufikiria kubadilisha mwajiri. Kabla ya kuandika barua, jichunguze.

Uchovu huu si uvivu. Mnamo 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, Marekani, aliueleza baada ya kuuona kwa watu waliohudumu katika zahanati ya bure. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba si ugonjwa, bali ni hali inayoletwa na shinikizo la kazini la muda mrefu lisilodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa na nguvu, kuichukia kazi au kutoijali tena, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana.

Mtayarishaji programu hupatwa kwa urahisi. Tarehe ya kukamilisha kazi haisogezwi, simu humwita usiku wa manane mtambo unapokwama, na kila mwaka kuna jambo jipya la kujifunza. Anayeanza kazi huogopa kusema “sijui” au “siwezi”, hivyo hubeba mizigo ya wengine. Bandu bandu huisha gogo.

Wataalamu Christina Maslach na Michael Leiter walitaja mambo sita ya kuchunguza: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyathamini. Chukua karatasi uandike lipi linakuumiza. Ikiwa ni wingi wa kazi, zungumza kwanza na msimamizi wako. Huenda zamu za usiku zikagawanywa upya. Ikiwa ni dharau au dhuluma, kuhama kwaweza kukufaa. Lakini ukihama bila kujua chanzo, utakwenda nacho.

Hali kadhalika, mwone daktari. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia huleta uchovu. Ikiwa huzuni imekuandama karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata ukiwa likizoni au pamoja na jamaa zako, huenda ni ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, usingoje. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitalini mara moja.

Zijue pia haki zako. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila baada ya miezi 12, kwa mshahara kamili. Ichukue likizo hiyo kabla ya kuamua; akili iliyochoka haichagui vyema.

Ukiamua kuhama, tafuta kazi nyingine ungali na mshahara, ikiwa afya yako inaruhusu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba unataka muda mrefu zaidi. Katika mahojiano, nawe uliza: Nani huitwa usiku, na mara ngapi? Nani huwaelekeza wageni? Aliyeshika nafasi hii aliondoka kwa nini? Majibu ya kubabaisha ni onyo. Ukiweza, pumzika wiki moja au mbili kabla ya kuanza.

Mwisho, usijione umeshindwa. Mwajiri mmoja si taaluma nzima, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.