SOMO: MAHALI HAPA PAMEKUWA PADOGO

Masomo ya Biblia: 2 Wafalme 6:1-7, Luka 14:28-30, Matendo 28:30



Somo letu la leo ni juu ya nyumba ya kulipia. Mutu asiseme kwamba jambo hili si la kanisa. Mtume Paulo mwenyewe alikaa miaka miwili mizima katika Roma ndani ya nyumba aliyoilipia. Tena wengi wetu hapa Kisangani tunalipa nyumba: katika Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso, hata ngʼambo ya mto katika Lubunga. Na wale wenye kazi ya mushahara wanapokea pia feza ya nyumba kutoka kwa mwajiri. Feza ile imesaidia jamaa nyingi. Nyingine, tumeziona kwa macho yetu, imeziletea machozi.

1. Wana wa manabii waliomba ruhusa

Wana wa manabii walimwambia Elisha kwamba mahali walipokaa pamekuwa padogo. Walisema kweli, na Elisha hakuwakaripia. Basi si zambi kutafuta nyumba kubwa. Baba, mama na watoto saba katika vyumba viwili, haifai. Tangu mwaka 2023, wakati ugomvi wa Wambole na Walengola ulipofika Lubunga, jamaa nyingi za muji wetu zilipokea wandugu waliokimbia. Wazee wetu walifanya vile vile kisha Vita vya Siku Sita, mwezi wa Juni 2000. Kupokea ndugu ni baraka, lakini nyumba haipanuki yenyewe.

Angalieni sasa mwenendo wa wale vijana. Kwanza waliomba ruhusa. Pili, kila mumoja alikwenda kukata muti wake kwa mikono yake. Tatu, walimwomba nabii aende nao. Hawakuamka asubuhi na kuhama kwa sababu mumoja aliota ndoto ya nyumba nzuri. Ndoto ikitoka kwa Mungu, haiogopi hesabu.

2. Feza ya nyumba ni feza gani?

Sheria ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, haiweki feza ya nyumba ndani ya mushahara, inaitenga. Inasema pia kwamba mufanyakazi akihamishwa, ao akiandikwa kazi mbali na mahali pa kazi, mwajiri anapaswa kumupa nyumba, na kama hana, amulipe feza inayofaa. Tena amri ya serikali ya mwezi wa Mei 2018 iliweka pamoja mambo matatu: mushahara wa chini kabisa, feza ya watoto, na samani ya nyumba.

Kwa hiyo mujue neno hili: feza ya nyumba inafuata barua ya kazi, daraja lako na mapatano ya mwajiri na wafanyakazi. Haifuati ukubwa wa nyumba unayoipenda. Ukihama toka vyumba viwili kwenda vinne, inaweza kubaki vile vile, hata franka moja isiongezeke. Uulize mbele ya kuhama, na uombe jibu kwa maandiko.

3. Kuketi na kuhesabu

Bwana Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anaketi kwanza, anahesabu gharama. Tuketi basi.

Tuseme nyumba yako ya sasa ni dola 40 kwa mwezi, na kazi inakupa 35. Unaongeza 5 toka mufukoni mwako. Nyumba mupya ni dola 70. Wewe unasema: bei haikufika hata mara mbili. Lakini kama kazi inaendelea kutoa 35, sasa utaongeza 35 kila mwezi. Mufuko wako unalipa mara saba ya zamani! Hapo ndipo wengi wanaangukia.

Kisha kuna garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kulipia inasema kwamba, kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite miezi mitatu. Kwa dola 70, ni 210. Ongeza mwezi wa kwanza: 280, mbele ya kupata ufunguo. Ongeza komisioneri na wale wanaobeba vitu. Garanti ya nyumba ya zamani mara nyingi hairudi siku ile ile. Usihesabu kuku wakiwa bado ndani ya mayai.

Angalia njia pia. Nyumba ya Lubunga inaweza kuwa ya bei ndogo, lakini kama kazi na masomo ya watoto ni Makiso, hesabu pirogi na toleka, asubuhi na jioni, kwa watu wote.

4. Chuma cha shoka kilikuwa cha kuazima

Kijana mumoja alipokuwa akikata muti, chuma cha shoka kilianguka ndani ya maji. Alilia, kwa sababu hakikuwa chake. Feza ya nyumba ni haki ya mufanyakazi, ni kweli. Lakini ilitolewa kwa kazi moja, ni kusema paa juu ya watoto. Baba anayeinywa ao anayeinunulia simu, ameangusha chuma ndani ya mto.

Kuna shimo lingine, tena la kina zaidi. Ndugu mumoja alipokea watoto wawili wa marehemu dada yake. Alifanya vema sana. Lakini alipotaka nyumba kubwa, akawaandika kazini kama watoto aliowazaa. Karatasi zikapekuliwa. Kazi ikaisha, na feza ya nyumba ikaisha pamoja nayo. Watoto wote, wake na wa dada yake, wakatoka katika nyumba ile. Tulilia naye. Njia ya kweli ilikuwako: kutafuta karatasi za ulezi mbele ya serikali, kisha kuzipeleka kazini. Ni njia ndefu, lakini haivunjiki.

Mwajiri anaweza kukataa, ao kukawia. Basi mukae kwanza mulipo, muweke akiba mwezi kwa mwezi, na wandugu wa kanisa wagawane nanyi wageni. Nyumba moja ikilaza wawili na ingine wawili, hakuna anayelala inje.

Wale vijana walikuwa na nabii karibu yao siku chuma kilipozama. Kwa hiyo bwana na bibi wazungumze pamoja, tena wamwite muzee mumoja wa kanisa, mbele ya kutia mukono kwenye karatasi. Mukiisha kuitia, muchunge karatasi ile pamoja na karatasi za malipo ya kila mwezi.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Feza ya nyumba yetu ni ngapi, na bibi anaijua?
2. Ikikawia miezi mitatu, tutalipa na nini?
3. Majina tuliyoandika kazini, yote ni ya kweli?

Mungu atupanulie mahali, na atupe roho ya kweli ya kukaa ndani yake. Amina.