LULU HUTOKEAJE?

Mara nyingi tumesikia, hata mimbarani, kwamba punje ya mchanga huingia ndani ya chaza ikamwumiza, naye akaifunika kidogo kidogo mpaka ikawa lulu. Ni mfano mzuri, wala sina nia ya kuwanyang'anya wahubiri mfano wao. Lakini chaza huishi baharini, na mchanga kwake ni jambo la kila siku. Punje ikiingia, kwa kawaida huitoa nje. Chanzo cha lulu ni kingine.

Ndani ya gamba, mwili wa chaza umefunikwa kwa ngozi laini ambayo kazi yake ni kulijenga gamba hilo. Ngozi hutoa chokaa pamoja na protini kidogo, na vitu hivi viwili hupangana kama matofali na udongo wa kuyashikanisha. Kila kitofali ni chembamba mno: ukiigawa milimita moja mara elfu mbili, utapata unene wake kwa kukadiria. Ule mng'ao wenye rangi nyingi unaouona ndani ya gamba la chaza ni mwanga unaogawanyika katika vitofali hivyo. Lulu nayo imejengwa kwa vitofali vivyo hivyo.

Sasa ikitokea mdudu akatoboa gamba, au ngozi ikajeruhiwa kwa namna nyingine, chembe hai chache za ngozi zaweza kusukumwa ndani ya nyama. Huko haziachi kazi yake ya zamani. Huongezeka, hufanya kifuko, na kifuko huendelea kutoa chokaa ile ile, tabaka juu ya tabaka. Basi lulu ni gamba lililojengwa mahali pasipo pake.

Jambo hili hutokea kwa nadra. Katika Ghuba, hasa Bahrain, wapiga mbizi walishuka kwa pumzi moja, jiwe mguuni na kibanio puani, na chaza wengi sana walifunguliwa bure kabla ya kupatikana lulu moja ya maana. Wengi wa watu hao waliishi katika madeni ya manahodha, na baadhi yao walikuwa watumwa waliochukuliwa kutoka mwambao wetu huu. Tukisoma katika Mathayo 13 habari za mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyo navyo ili anunue lulu moja, tusidhani ametiwa chumvi. Mwaka 1917, huko New York, sonara Cartier alipata jumba zima kwa kutoa dola 100 na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili uliothaminiwa dola milioni moja.

Mkufu huo ulipouzwa tena mwaka 1957, bei yake haikufika dola 200,000. Nini kilitokea katikati? Wajapani walikuwa wamejifunza kufuga lulu. Kokichi Mikimoto alipata lulu nusu, zilizoshikamana na gamba, mwaka 1893. Na mwanzoni mwa karne ya 20 njia ya kupata lulu za mviringo ikajulikana. Fundi huchukua kipande kidogo cha ngozi ya chaza mmoja, akakitia ndani ya chaza mwingine pamoja na kishanga kilichochongwa katika gamba la kome. Kipande kile hufanya kifuko, na kifuko hukifunika kishanga. Angalia kwamba kishanga peke yake hakitoshi. Pasipo kipande cha ngozi hakuna lulu.

Katika miaka ya 1930, lulu hizo pamoja na ule mdororo wa uchumi wa dunia ziliiangusha biashara ya Ghuba. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Bahrain mwaka 1932, nayo yakawapa wengi kazi nyingine. Siku hizi hata Unguja, upande wa Fumba, wako akina mama waliofunzwa kufuga lulu nusu.

Watu huuliza: je, lulu ya kufugwa ni bandia? La. Aliyeijenga ni chaza, kwa njia ile ile. Tofauti ni kwamba katikati mna kishanga, na kama chaza alivunwa mapema, tabaka la juu huwa jembamba na huchakaa upesi. Bandia ni ile ya kioo au plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Ukiisugua taratibu juu ya meno, lulu ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga mwororo, na ya bandia huteleza. Lakini meno hayawezi kutenga ya asili na ya kufugwa. Kazi hiyo hufanywa kwa eksirei.

Mwenye lulu na akumbuke kuwa ni chokaa. Siki na ndimu huila, jasho na manukato huipunguzia mng'ao. Ivaliwe baada ya kujipaka manukato, si kabla, na ipanguswe kwa kitambaa laini kabla ya kuwekwa.